Je, 250,000 Inagawanyika? Somo Fupi kwa Chama Chako

Mwaka umeisha, na chama chenu pale Umoja, Kayole au Buruburu kiko tayari kugawana pesa. Mweka hazina ana shilingi 250,000, kiwango cha juu cha kutuma kwa M-Pesa kwa mara moja. Mko 12. Kila mtu anapata 20,833, halafu zinabaki shilingi 4. Ni za nani?

Tuangalie namba yenyewe. 250,000 ni 500 mara 500, na imejengwa kwa 2 na 5 pekee. Ndiyo maana watu 8, 10, 20 au 25 wanagawana bila baki. Lakini 3, 6, 9 na 12 zinakataa.

Njia ya mkato: jumlisha tarakimu. 2 na 5 ni 7, sufuri haziongezi kitu. 7 haigawanyiki kwa 3, kwa hivyo hata 250,000 haigawanyiki.

Mkiwa 12, gawaneni 240,000: kila mmoja 20,000, bila maneno. Zile 10,000 zianzishe mwaka ujao.

Na kabla ya kuweka namba ya siri, hesabu sufuri. 20,000 ina nne. Ukiongeza moja ni 200,000, na itapita tu, kwa sababu haijafika kiwango cha juu.