Mafunzo Niliyopata Kati ya Mwekezaji, Serikali na Wafugaji

Nimekuwa afisa uhusiano wa kampuni, kisha mtumishi wa idara ya ardhi ya kaunti. Sasa naishauri kamati ya ardhi ya jamii, nyumbani kaskazini mwa Kenya.

1. Anza na daftari la ardhi, si baraza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii isajiliwe ndipo ipate hati. Isiposajiliwa, kaunti ndiyo mdhamini wa ardhi, na wenyewe husikia habari za mradi redioni. Kule Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulikwisha kusimamisha mitambo 365 na umeme unatoka, ndipo mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi yake zilitolewa kinyume cha utaratibu. Mwekezaji akilalamika kuwa usajili unamchelewesha, nampa kesi hiyo asome.

2. Chifu si jamii. Chifu huajiriwa na serikali. Saini yake haikodishi malisho. Mkataba wa uwekezaji hukubaliwa na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano uliohudhuriwa na theluthi mbili yao. Haya, uitishe wakati wa kiangazi, morani wako mbali na ng'ombe: utapata wazee, wanasiasa na kreti za soda. Nilipokuwa kwenye kampuni, tarehe zilipangwa Nairobi kwa kufuata bajeti. Ngoja mvua inyeshe, watu warudi. Na akina mama wakae kikao chao kwanza, maana mbele ya wazee wengi wao hunyamaza, ilhali visima wanavijua wao.

3. Taja anayekulipa. Hadharani, kila kikao.

4. Fafanua asilimia. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, si ya mauzo wala ya faida. Nimeona mkutano ukishangilia hesabu isiyokuwepo, na waliojua ukweli wakapiga makofi pia. Chukua shilingi mia, zigawe mbele ya watu: 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Kisha waeleze kwamba mia yenyewe ni sehemu ndogo tu ya thamani ya madini.

5. Ahadi ya mdomo huhamishwa pamoja na afisa wake. Iandikwe, isainiwe, nakala ibaki kijijini.

Nawe kijana wetu ukiajiriwa na mwekezaji, kabla ya kupokea gari na koti la kampuni, omba rasimu ya mkataba ifikishwe kwa kamati ya ardhi. Baraza lisubiri.