Chumba Kinachokalika Mwaka Mzima: Somo la Joto Kutoka Kiomboi

Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida, ni mji uliojengwa juu ya uwanda ulioinuka. Upande wa magharibi ardhi huporomoka kuelekea bonde la Wembere. Mvua huanza kunyesha kiasi cha mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo hufuata miezi mirefu ya ukavu. Katika mkoa huo halijoto hutajwa kuwa kiasi cha nyuzi 15 za Sentigredi mwezi wa Julai na nyuzi 30 mwezi wa Oktoba. Jambo linalomgusa zaidi mkazi wa uwandani, hata hivyo, ni tofauti ya mchana na usiku. Wakati wa kipupwe jua la adhuhuri huchoma, lakini alfajiri watu hujifunika mablanketi.

Tuseme familia moja ya huko inataka kujenga chumba kimoja uani, chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, ili watoto wasomee humo jioni na kulala usiku. Chumba hicho hakina budi kufaa usiku wa Julai, alasiri ya Oktoba na mvua za Januari. Je, kijengwe kwa udongo, kwa matofali au kwa mbao? Na kiezekwe kwa nini? Mara nyingi maswali haya hujibiwa kwa kutazama bei na sura ya nyumba tu. Katika somo hili yatajibiwa kwa kanuni za fizikia ambazo mwanafunzi wa sekondari anazifahamu.

NJIA TATU ZA JOTO

Joto hutoka mahali penye halijoto ya juu na kwenda mahali penye halijoto ya chini kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mpitisho, yaani joto kupita ndani ya kitu kigumu kama ukuta. Ya pili ni mwendo wa hewa: hewa yenye moto hupanda na hewa baridi hushuka. Ya tatu ni mnururisho, ambao hauhitaji kitu chochote cha kupitia. Kwa njia hii jua huipa dunia joto, na kwa njia hiyo hiyo paa hupoteza joto lake usiku kuelekea anga lisilo na mawingu.

Adhuhuri, jua kali huweza kumwaga kiasi cha wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba ya paa. Usiku mambo hugeuka. Katika kiangazi anga la Singida huwa jeupe, na bati hunururisha joto hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo sababu asubuhi matone ya maji huonekana yakining'inia chini ya bati: ni mvuke uliotoka katika pumzi za waliolala, ukagusa bati baridi na kugeuka maji.

Kwa hiyo paa ndiyo sehemu ya nyumba inayopata joto jingi mchana na kulipoteza kwa wingi usiku. Anayetaka chumba cha mwaka mzima na aanze kufikiria paa.

TEMBE NA BATI

Wazee wa Tanzania ya kati, toka Ugogo hadi Unyaturu na Iramba, walikuwa na jibu lao: tembe. Hii ni nyumba ya kuta za miti na udongo, yenye paa bapa la boriti na fito lililofunikwa kwa tabaka nene la udongo. Ndani ya tembe mchana hupoa na usiku huwa na uvuguvugu.

Hata hivyo tembe ilikuwa na kasoro zake. Paa la udongo lenye unene wa sentimita 25 juu ya chumba chetu cha mita za mraba 20 ni mita 5 za ujazo za udongo. Kwa kadiri ya kilo 1,600 kwa kila mita ya ujazo, huo ni uzito wa tani 8 juu ya vichwa vya waliolala, nao huzidi mvua inaponyesha. Boriti zikiliwa na mchwa, hatari ni dhahiri. Isitoshe, katika nyufa za sakafu na kuta za udongo hujificha papasi, mdudu wa jamii ya kupe aletaye homa ya papasi.

Wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, familia nyingi zilihamia katika vijiji, na kampeni za nyumba bora zikahimiza kuta za matofali na mapaa ya bati. Bati ni jepesi, halivuji likipigiliwa vizuri, na hukinga maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hivyo paa la mita za mraba 20 penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka hupokea lita 12,000. Katika nchi kavu hiyo si faida ndogo.

Lakini bati lilipochukua nafasi ya udongo, jambo moja lilisahauliwa. Tani 8 zile za udongo zilikuwa zikifanya kazi mbili: kuzuia mvua na kutuliza joto. Bati lilirithi kazi ya kwanza tu. Kazi ya pili iliachwa bila mwenyewe.

KUZUIA JOTO NA KUHIFADHI JOTO

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi huchanganya. Kuzuia joto ni kitu kimoja, na kuhifadhi joto ni kitu kingine. Kitu kinachozuia joto huitwa kihami. Uwezo wa vitu wa kupitisha joto hupimwa kwa wati kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Vipimo vya kukadiria ni hivi:

Hewa iliyotulia: 0.026
Pumba kavu za mpunga: 0.05
Nyasi kavu za kuezekea: 0.07
Mbao laini: 0.12
Udongo mkavu ulioshindiliwa: 0.6
Tofali la kuchoma: 0.7
Chuma: 50

Nyasi na pumba ni vihami vizuri kwa sababu zimeshika ndani yake hewa isiyotembea. Udongo si kihami hodari. Sifa yake ni nyingine: kwa kuwa ni mzito, huhitaji joto jingi ili upate moto, na hutumia muda mrefu kulitoa. Joto la mchana husafiri ndani ya udongo kama wimbi linalofifia na kuchelewa. Kwa udongo au tofali la kawaida, hesabu ya wimbi la saa 24 hutoa makadirio haya:

Sentimita 12: hubaki asilimia 37 ya wimbi, huchelewa saa 4.
Sentimita 24: hubaki asilimia 14, huchelewa saa 8.
Sentimita 36: hubaki asilimia 5, huchelewa saa 11 na nusu.

Ukuta wa sentimita 24 unaopata moto zaidi upande wa nje saa 9 alasiri utaleta joto hilo ndani kiasi cha saa 5 usiku, wakati ambapo nje kumeanza kuwa baridi. Hiyo ndiyo siri ya kuta za tembe.

HESABU YA PAA

Ukinzani wa tabaka hupatikana kwa kugawa unene wake (kwa mita) kwa kipimo chake cha upitishaji. Joto linalopotea kwa kila sekunde ni eneo mara tofauti ya halijoto, gawanya kwa jumla ya ukinzani. Tuchukue paa la mita za mraba 20, na chumba chenye joto la nyuzi 10 zaidi ya nje.

Bati lenyewe ni jembamba mno. Ukinzani wake ni kama sifuri. Kinachosaidia ni utando wa hewa unaogandamana na nyuso zake mbili, ambao kwa jumla hutoa ukinzani wa 0.14. Kwa hiyo:

Bati tupu: 20 x 10 ÷ 0.14 = wati 1,400 hivi.

Paa la udongo la sentimita 25: ukinzani ni 0.42 + 0.14 = 0.56, joto linalopotea ni wati 360 hivi.

Bati na dari ya mbao ya sentimita 2, nafasi ya hewa katikati ikiwa imezibwa: 0.14 + 0.17 + 0.16 = 0.47, wati 430 hivi.

Dari hiyo hiyo ikitandazwa juu yake pumba kavu za unene wa sentimita 5: 0.47 + 1.0 = 1.47, wati 140 hivi.

Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80. Watu wanne hutoa kiasi cha wati 300, na watoto pungufu ya hapo. Ni wazi kwamba chini ya bati tupu miili yao haiwezi kufidia joto linalopotea. Chini ya dari yenye pumba, paa huacha kuwa mlango mkuu wa baridi. Hesabu hiyo hiyo husema kweli alasiri ya Oktoba, isipokuwa joto sasa linatoka juu kushuka chini.

JE, NYUMBA YA MAGOGO?

Katika nchi za kaskazini kama Ufini, Uswidi na Urusi, watu wamejenga kwa magogo tangu zamani, na wengine hudhani kwamba nyumba ya mbao ni bora kila mahali. Gogo la msonobari lenye unene wa sentimita 20 lina ukinzani wa 1.67, ilhali udongo wa unene huo huo una 0.33 tu. Kwa kuzuia joto, mbao hushinda mara tano.

Lakini tuzingatie mazingira. Katika majira ya baridi ya Ufini, nje hubaki chini ya sifuri mchana na usiku kwa majuma mengi. Jua halileti msaada wa kutosha. Joto lote hutoka katika moto wa ndani, na kazi ya ukuta ni kulizuia lisitoroke. Kiomboi jua huleta joto bure kila mchana, hata mwezi wa Julai. Kazi ya ukuta huko ni kuliweka akiba mpaka usiku. Kwa kazi hiyo udongo na tofali hufaa kuliko gogo. Pamoja na hayo, magogo hula miti mingi na huliwa na mchwa.

UCHAGUZI

Kutokana na hayo yote, chumba cha Kiomboi hakilazimiki kuwa tembe kamili wala nakala ya nyumba ya mjini. Kinaweza kuchukua sifa njema za pande zote mbili.

Kwanza, kuta ziwe nzito, za unene wa sentimita 24 au zaidi. Matofali ya kuchoma yanafaa, ila yanahitaji kuni nyingi. Matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine hayachomwi. Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi, kilichoanzishwa mwaka 1971 na kugeuzwa mwaka 2001 kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kilishughulikia vifaa vya namna hiyo.

Pili, paa liwe la bati, kwa ajili ya maji na usafi, lakini lisikose dari yenye kihami. Pumba au nyasi ziwe kavu kabisa, dari izibwe panya wasiingie, na kihami kisiguse nyaya za umeme wala bomba la moshi, kwani hushika moto kwa urahisi.

Tatu, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Kiomboi iko kiasi cha nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Jua kali la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi tu. Paa litokeze nje vya kutosha ili likinge kuta zisimomonyolewe na mvua.

Nne, madirisha yatumike kwa akili. Oktoba yafungwe mchana na kufunguliwa usiku, nyavu za mbu zikiwapo. Julai yafunguliwe adhuhuri na kufungwa jua linapotua. Hata hivyo matundu madogo ya hewa karibu na dari yabaki wazi siku zote.

ONYO KUHUSU JIKO LA MKAA

Matundu hayo si anasa. Chumba kinapokuwa baridi, wengine huingiza jiko la mkaa na kufunga mlango. Mkaa unaoungua katika hewa haba hutoa kabonimonoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Matundu madogo hayatoshi kuiondoa; jiko la mkaa lisilalwe nalo kamwe. Familia inayonunua mbao za dari inanunua pia usiku usiohitaji mkaa chumbani, na hiyo ni hesabu ambayo bei ya dukani haiionyeshi.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: maboksi matatu ya karatasi ngumu yaliyo sawa, vipande vitatu vya bati, nyasi kavu, chupa ya maji ya lita 2, na vipimajoto vitatu.

Boksi la kwanza lifunikwe kwa bati tupu. La pili liwekewe nyasi za sentimita 5 chini ya bati. La tatu liwekewe nyasi vivyo hivyo, na ndani iwekwe chupa iliyojaa maji. Maboksi yawekwe juani, na halijoto isomwe kila saa toka saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Matokeo yachorwe kwa grafu moja.

MASWALI

1. Katika grafu, ni boksi lipi lenye tofauti kubwa kabisa kati ya halijoto ya juu na ya chini? Eleza sababu.

2. Maji katika boksi la tatu yanafanya kazi ya sehemu gani ya tembe?

3. Paa la mita za mraba 30 lina ukinzani wa 0.47. Tafuta joto linalopotea kwa sekunde, tofauti ya halijoto ikiwa nyuzi 8.

4. Kule pwani usiku haupoi sana. Je, kuta nzito zingefaa huko kama zinavyofaa Kiomboi? Jadili.