Altezza kwenye lami iliyolowa

SWALI: Fundi, nimenunua Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono. Mvua ikinyesha, nyuma inacheza nikitoka kwenye kona. Nifanyeje?

JIBU: Altezza husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye kona, tairi hizohizo zinazobeba nguvu ya injini ndizo zinazozuia nyuma isichomoke, na lami ikilowa haziwezi kazi zote mbili ukikanyaga mafuta kwa pupa. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha ongeza mafuta polepole usukani unaponyooka. Usishushe gia ghafla katikati ya kona. Hilo nalo huifanya nyuma iteleze.

Ikichomoka, legeza mafuta taratibu na uzungushe usukani upande uleule nyuma inakoelekea, macho yakiwa kule unakotaka kwenda. Breki usizikanyage kwa nguvu.

Ila mimi nazihofia zaidi tairi zako. Wengi huweka mpya mbele na kuacha vipara nyuma. Kwa gari hili ni hatari kubwa. Kashata za tairi zikipungua kimo hadi chini ya milimita 3, maji hukosa pa kupitia na gari linaweza kuelea ukiwa kwenye mwendo mkali. Zipime leo, kabla mvua haijarudi.