Somo: Chumvi, Chembe na Kuganda kwa Maji

Barafu ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Wananchi huinunua ili kuhifadhi samaki, kupoza vinywaji na, katika nyumba zenye wagonjwa wa kisukari, kutunza insulini umeme unapokatika. Wapo wanaotia chumvi katika barafu kwa nia ya kuongeza ubaridi, na wapo wanaoamini kwamba barafu angavu ni barafu salama. Katika somo hili tunaeleza jinsi maji yanavyoanza kuganda, kazi ya chumvi katika jambo hilo, na tahadhari ambazo mtumiaji anapaswa kuzichukua.

1. Barafu huanzia wapi?

Barafu ya maji safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 0 za Selsiasi. Hata hivyo, maji hayalazimiki kuganda mara tu yanapofikia kiwango hicho. Mwaka 1724 Daniel Gabriel Fahrenheit alichapisha maelezo ya maji yaliyobaki kimiminika katika baridi iliyozidi kiwango cha kuganda, kisha yakaganda ghafla. Sababu ni kwamba molekuli za maji sharti zijipange kwanza katika umbo la barafu, na kikundi kidogo mno cha molekuli husambaratika kabla ya kukua.

Hapo ndipo chembe zinapohitajika. Chembe ya vumbi, ya udongo au ya bakteria huzipa molekuli mahali pa kushikia na kujipanga. Bakteria aitwaye Pseudomonas syringae huweza kuanzisha barafu kwenye takriban nyuzi joto 2 chini ya sifuri. Kinyume chake, matone madogo sana yasiyo na chembe yoyote huweza kubaki kimiminika hadi karibu nyuzi joto 38 chini ya sifuri.

2. Chumvi hubadili nini?

Kwanza, chumvi iliyoyeyuka hushusha kiwango cha kuganda, kwa sababu molekuli za maji huvutwa na chumvi na hivyo hazijiungi na barafu kwa wepesi. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, huanza kuganda karibu na nyuzi joto 1.9 chini ya sifuri. Maji yaliyokolezwa chumvi ya mezani kwa kiwango cha takriban asilimia 23 hubaki kimiminika hadi karibu nyuzi joto 21 chini ya sifuri. Chembe zilizomo huendelea kuwa viini vya barafu, ila huhitaji baridi kali zaidi.

Pili, chumvi huweza kuugusa uso wa chembe yenyewe. Uchunguzi wa madini ya feldispa, yanayopatikana katika vumbi la jangwani, umeonyesha kwamba chumvi nyingi za kawaida hupunguza uwezo wake wa kuanzisha barafu, ilhali kiasi kidogo cha chumvi za amonia huuongeza. Kwa hiyo aina ya chumvi nayo ina uzito wake, si kiasi pekee.

Tatu, barafu inapokua huisukuma chumvi nje. Maji yanayobaki bila kuganda huzidi kuwa na chumvi, na mengine hunaswa katika vijishimo ndani ya barafu.

3. Jaribio la nyumbani

Chukua vikombe viwili, kila kimoja kikiwa na mililita 200 za maji salama ya kunywa. Katika kimoja koroga kijiko cha chai cha chumvi. Viweke katika friza na uvikague kila baada ya nusu saa. Kwa kawaida kikombe kisicho na chumvi kitatangulia kuganda. Kile cha chumvi kitafanya barafu laini. Onja maji yaliyobaki pembeni, nawe utayakuta yamekolea chumvi kuliko mwanzo.

4. Tahadhari kwa mtumiaji

(a) Usiweke insulini katika barafu iliyotiwa chumvi. Chumvi huyeyusha barafu na kulifanya joto lake lishuke chini ya sifuri, na insulini iliyowahi kuganda haifai kutumika hata ikionekana kuwa ya kawaida. Dawa hiyo, kabla ya kufunguliwa, huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Hata barafu isiyo na chumvi isiiguse chupa moja kwa moja, izungushie kitambaa.

(b) Chumvi haiifanyi barafu idumu. Huongeza baridi, lakini barafu huisha upesi zaidi.

(c) Kwa samaki wabichi, tumia barafu ya kawaida iliyosagwa na uache maji yachuruzike. Nyama ya samaki huanza kuganda karibu na nyuzi joto 1 chini ya sifuri, na kuganda polepole huiharibu.

(d) Usiache watoto wachezee mchanganyiko wa barafu na chumvi, kwani huweza kuunguza ngozi kwa baridi.

(e) Usipime usalama wa barafu kwa macho. Kuganda hakuui vijidudu vyote, na barafu angavu huweza kuwa imetokana na maji machafu. Muulize muuzaji maji yake yametoka wapi. Asipokuwa na jibu, usiitie barafu hiyo katika kinywaji.