Wajane Walimwonyesha Petro Nguo

Andiko la somo: Matendo ya Mitume 9:36-43

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome andiko hili lote pole pole. Wengi wetu tunalijua kwa sababu ya muujiza, na ni haki, maana mtu kufufuka si jambo dogo. Lakini leo nataka tusimame kwenye mstari wa 39, ndani ya kile chumba cha juu, kabla Petro hajapiga magoti.

Tabitha, ambaye kwa Kiyunani aliitwa Dorkasi, ameshaoshwa na kulazwa. Petro ameitwa kutoka Lida, safari ya nusu siku hivi kwa miguu mpaka Yafa, mji wa bandari. Anaingia, chumba kimejaa wajane. Sasa hebu fikiria ingekuwa ni kwetu hapa Eastlands. Kungekuwa na programu imechapishwa, mwenye kuongoza shughuli, wasifu wa marehemu, halafu familia iseme, marafiki waseme, chama kiseme, na kama ni mwaka wa siasa basi hapo tutakaa mpaka jioni. Wale wajane hawakuhutubu. Luka anasema walisimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo Tabitha alizishona alipokuwa bado yuko pamoja nao. Hakuna kingine walichomwambia ambacho Luka ameona vyema kukiandika.

Tena angalia, Tabitha mwenyewe hasemi neno hata moja katika habari hii yote. Anaugua, anakufa, anafufuka, anafungua macho, anaketi. Mahubiri yake hatuyajui, unabii wake hatuujui. Na huyu ndiye mwanamke ambaye Luka amemwita mwanafunzi. Katika Kiyunani, neno hilo kwa umbo lake la kike limetumika mahali pamoja tu katika Agano Jipya lote, nalo ni hapa, kwa fundi wa nguo. (Wenzetu Wasabato walilishika hili zamani, ndiyo maana akina mama wao wa huduma wanaitwa Dorkasi.)

Mimi ni mshonaji, mnanijua. Kila nikipita Uhuru Market pale Jericho siwezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Mafundi wa yunifomu wananiwekea mabaki kwenye mfuko, na mwenye nyumba wangu hushangaa kwa nini umeme unawaka hadi usiku wa manane. Nashona mablanketi ya viraka. Kwa hiyo nikisoma mstari wa 39 mimi huona kitu ambacho labda mhubiri asiyeshona angekipita: huona saa. Zamani za Tabitha hapakuwa na cherehani. Kanzu moja ilikuwa siku nyingi za mkono na sindano, na mtu anayeshonewa lazima apimwe, aje ajaribu, aketi angoje. Hao wajane walikaa kwake. Walijua sauti ya mkasi wake. Luka angeweza kusema nguo alizowapa, akaishia hapo. Yeye ameongeza kwamba alizishona akiwa pamoja nao, na mimi naamini hilo hakuliweka bure.

Sasa niwaambie kwa nini somo hili limenishika mwaka huu.

Rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye tumeimba naye safu moja ya kwaya tangu watoto wetu wakiwa mgongoni, alifiwa na kijana wake wa miaka 19. Hapa kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe, na ndiyo sababu sitawaandikia jina lake. Ameniruhusu kusimulia, ila ameomba jina la kijana lisichapishwe, nami nimeheshimu. Kijana aliugua wiki tano. Tulifunga siku 3 kama kanisa, tukakesha, tukampaka mafuta. Alfajiri ya Jumapili alikufa.

Tulimsindikiza mpaka ushago, tukazika, tukarudi. Baada ya hapo mnajua inavyokuwa. Wiki ya kwanza nyumba inajaa watu na sufuria. Wiki ya tatu kila mtu amerudi kwa shughuli zake. Rafiki yangu akaacha kuja kanisani. Wengine walidhani amerudi nyuma kiroho. Mimi nilimwendea, na aliniambia mambo mawili ambayo nimeyabeba hadi leo.

La kwanza, kuna mtu alimwambia kwamba maombi hayakujibiwa kwa kuwa imani nyumbani mwake ilikuwa na ufa.

La pili lilikuwa dogo zaidi, lakini ndilo lililomliza. Alisema, "Watu wameacha kuniita kwa jina lake. Sasa wote wananiita sista. Kwani mimi si mama yake tena?"

Tulianze hilo la kwanza, kwa sababu linatugusa sisi Wapentekoste tunaoamini kabisa kwamba Mungu anaponya. Soma tena mstari wa 38. Wale wanafunzi walipotuma watu wawili kwa Petro walimwomba asikawie. Hawakusema, njoo umfufue. Huenda walitarajia hilo, huenda walitaka tu mtume awepo pale wakilia. Luka hakupima imani ya mtu yeyote katika chumba kile, wala hakusema wajane walipata muujiza kwa kuwa waliamini kuliko wengine. Halafu rudi nyuma kidogo uende sura ya 7: Stefano, mtu aliyejaa Roho, anapigwa mawe, na sura ya 8 mstari wa 2 watu watauwa wanamzika na kumlilia sana. Nenda mbele sura ya 12: Yakobo anauawa kwa upanga, na katika sura hiyo hiyo Petro anatolewa gerezani na malaika. Ni kanisa lile lile, na wakati ni ule ule. Nani atathubutu kusema nyumba ya Yakobo ilikuwa na ufa? Aliyemwambia rafiki yangu maneno yale labda alitaka kuutetea uweza wa Mungu. Mungu hakumtuma kumwumiza mjane au mama aliyefiwa ili amtetee.

Hilo la jina, tutalirudia.

Katika nyumba yake kulikuwa na mfuko wa nguo za kijana, umefungwa, nyuma ya mlango. Nguo nyingine zilikuwa zimegawiwa ushago kwa taratibu za ukoo. Hizi zilizobaki Nairobi zilikuwa shati za shule, jezi ya mpira, suruali za jinzi na shati moja la buluu la kuendea ibada. Kuna aliyemshauri azichome, ati nguo za marehemu zikikaa nyumbani hufungulia roho chafu mlango. Yeye hakuweza kuzichoma, na hakuweza kuzifungua. Akawa anapita pale kila siku akiangalia pembeni.

Nilimwambia, "Dada, tuzishone." Akasema, "Tutaulizwa." Basi tukaenda kuuliza kwanza. Mchungaji alitusikiliza, akatusomea Kumbukumbu la Torati 18:10-12, mahali Mungu anapokataza watu wake kuwatafuta wafu na kuwauliza mambo. Kisha akatuuliza kama tuna nia ya kuongea na nguo. Tulicheka kidogo. Akasema mama yuko huru kuzigawa, kuziweka au kuzikata, na asilazimishwe na mtu yeyote. Mimi naongeza langu: Petro alionyeshwa nguo zilizotoka mikononi mwa mwanamke aliyekuwa amelala maiti hapo hapo chumbani, na hakumkemea mjane hata mmoja kwa kuzishika.

Wala si sisi wa kwanza kufanya hivi. Kule Gee's Bend, kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama, Marekani, ambao babu zao walikuwa watumwa wa mashamba ya pamba, Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Mwaka wa 1942 alichukua nguo za mume zile za kazi ya shamba, zilizopauka kwa jua na jasho, akazikata na kuziunga kuwa blanketi la kumkumbuka na kujifunika. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Miaka 60 baadaye, mwaka wa 2002, mablanketi ya akina mama wa kijiji hicho yalitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston na baadaye New York, watu wakalipa kuja kuyatazama. Missouri alitengeneza lake la kulalia.

Tulishona kila Alhamisi alasiri, nyumbani kwake, karibu miezi mitatu. Kwa wale wapya katika kazi hii: tulikata vipande vya mraba vya inchi 6 na nusu, kwa sababu robo inchi kila upande huliwa na mshono na kipande hubaki inchi 6. Tulihitaji vipande 120, yaani 10 kwa 12, upate blanketi la futi 5 kwa 6. Shati moja, ukitoa kola na mishono, hutoa vipande kama 15. Jezi ilitusumbua kwa sababu huvutika. Tuliishikiza kwanza juu ya kitambaa cha pamba ndipo ikatulia. Katikati tuliweka blanketi kuukuu la Gikomba, chini kitambaa cha shuka, na tabaka zote tatu tukazishika pamoja kwa uzi mrefu kabla ya kushona kabisa. Kitambaa kipya lazima kioshwe kwanza, la sivyo kitajikunja baadaye na kuvuta kile cha zamani mpaka kichanike. Bwana wetu alilijua hilo, soma Marko 2:21. Mimi naamini alimwona mama yake akishona.

Alhamisi ya kwanza hatukuongea karibu lolote. Hapo nilikumbuka rafiki za Ayubu. Watu huwasema vibaya, na walistahili, lakini Ayubu 2:13 inasema waliketi naye chini siku 7 mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu. Zile siku 7 walifanya vizuri. Walianza kuharibu walipofungua kinywa kueleza sababu. Kazi ya mikono ina faida hii: inakupa ruhusa ya kunyamaza na mwenzako bila mtu kuona haya. Macho yako kwenye sindano. Mtu akitaka kulia, analia, na mshono unaendelea.

Ilikuwa Alhamisi ya tatu au ya nne, tukikata suruali za jinzi, akapata noti ya shilingi 200 imekunjwa ndani ya mfuko mdogo. Aliishika muda. Kisha akasema, "Na huyu alikuwa ananiambia hana hata nauli!" Akacheka, kicheko cha kweli, mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Siku hiyo ndipo alianza kunisimulia habari zake: alivyoogopa mbwa, alivyopenda ugali wa jana uliokaangwa, alivyokosana na mwalimu wa hesabu. Na mimi kuanzia siku hiyo nilirudia kumwita kwa jina la mwanawe, kama nilivyomwita miaka yote. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili aliitikia.

Wapendwa, ninajua tunaliacha jina kwa huruma. Tunaogopa kutonesha kidonda. Lakini Hana alimshonea Samweli joho dogo kila mwaka na kulipeleka hekaluni Shilo (1 Samweli 2:19), na nina hakika alilikata kwa kukadiria, maana mtoto hakuwa nyumbani apimwe. Mama hupima mwana asiyekuwepo. Aliyefiwa hupima hivyo kila siku, tukitaja jina au tusipotaja. Kama unaogopa, mwulize mwenyewe angependa aitweje. Wengine watasema wanataka sista, na hiyo nayo ni sawa.

Blanketi liliisha mwezi uliopita. Sitasema rafiki yangu amepona, kwa sababu hajapona. Amerudi kanisani, anaketi karibu na mlango, na kuna Jumapili hutoka katikati ya sifa na kurudi wakati wa neno. Msimfuate nje kumwombea. Akitaka, atawaita. Alhamisi bado tunashona. Sasa tunamtengenezea mama mwingine wa Maringo aliyefiwa na mume, na safari hii rafiki yangu ndiye anayekata. Mwenye mabaki ya pamba safi ayalete ofisini, yakiwa yameoshwa. Nailoni hapana, tafadhali.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, someni andiko la leo pamoja na Marko 5:37-41, binti ya Yairo, muone Petro aliyejifunza wapi kuwatoa watu nje kwanza. Halafu kuna jambo la mstari wa 41 linalonisumbua, na ningependa mje na majibu yenu Jumapili: Petro alipomwinua Tabitha aliwaita watakatifu na wajane. Kwa nini Luka amewataja wajane peke yao? Je, wote walikuwa wameokoka, au Tabitha alikuwa akishona na watu ambao kanisa la Yafa lilikuwa bado halijawahesabu?