Mtoto Mwenye ADHD: Matibabu Huanza Vipi?

Mtoto asiyetulia wala kumaliza kazi huenda si mtukutu. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo. Haisababishwi na malezi mabaya wala uchawi.

Chini ya miaka 6, matibabu huanza kwa kumfunza mzazi: toa agizo moja fupi, fuata ratiba ileile kila siku, msifu mtoto papo hapo anapotii.

Kuanzia miaka 6, daktari anaweza kuongeza dawa kama methilifenideti, akianza na kipimo kidogo. Mpe asubuhi pamoja na kiamsha kinywa, kwani hupunguza hamu ya kula; ikichelewa, huondoa usingizi. Mpeleke kliniki apimwe uzito, urefu na presha.

Usibadilishe kipimo bila daktari. Dawa haichukui nafasi ya mafunzo. Mshirikishe mwalimu pia.