MAJI YA NGAMA: JINSI YA KUTAFUTA MAHALI YAINGIAPO

Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo hujaza ngama ya mashua. Kila mvuvi wa pwani, tangu Kiunga hata Vanga, aijua kazi ya kufua maji kabla ya kutweka tanga. Wengi wameizoea hata wakaiona kuwa ni sehemu ya ubaharia, wala hawaulizi maji hayo yametoka wapi. Lakini mwenye chombo afuaye maji kila siku bila kujua yaingiapo ni kama mtu apangusaye sakafu ilhali paa lavuja.

Zamani kazi hiyo haikuepukika. Mitepe ya visiwa vya Lamu, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ilivuja daima, na mabaharia wake walifua maji safari nzima. Mashua iliyopigwa misumari na kukalafatiwa kwa pamba haina udhuru huo. Maji yakizidi ndani yake yana sababu, na sababu hiyo yaweza kutafutwa kwa utaratibu.

Hatari yake

Tundu lenye upana wa sentimeta 1, likiwa nusu mita chini ya uso wa bahari, hupitisha kadiri ya lita 8 au 9 kwa dakika. Maana yake ni kwamba debe moja huingia kila baada ya dakika 2 hivi, na kwa muda wa saa moja huingia zaidi ya lita 500, yaani uzito wa nusu tani. Tena maji si mzigo utuliao mahali pamoja kama gunia la nazi. Chombo kikilala upande mmoja kwa nguvu ya upepo, maji yote ya ngama hukimbilia huko huko na kukilaza zaidi. Ndiyo sababu mashua yenye maji mengi ndani yaweza kupinduka kwa upepo ambao siku nyingine ingeustahimili vyema.

Iko na hasara ya mfukoni pia. Mtu asiyejua mahali panapovuja humwita fundi akalafati chombo kizima. Pamba hununuliwa, ujira hulipwa, siku za uvuvi hupotea, na mashua ikirudi majini yavuja kama kwanza, kwa kuwa mahali penyewe hapakuguswa.

Maji hayakai yaingiapo

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: mahali maji yalipokusanyika sipo mahali yalipoingia. Maji huteremka juu ya mbao, hupita katika vitundu vilivyo chini ya mataruma, na mwisho hutulia penye kina kuliko pote, ambapo kwa mashua nyingi ni karibu na tezi. Tundu lililo omoni laweza kujaza ngama ya tezini, na mwenye chombo akakaza macho tezini siku nyingi bila kuona kitu.

Je, ni maji ya bahari?

Kabla ya kushuku mbao, yafaa kujua ni maji gani. Ngama na ioshwe kwanza mpaka iwe safi, kisha mashua iachwe mpaka maji yaonekane tena. Hapo tone moja laweza kuguswa kwa ncha ya ulimi na kutemwa. Lakini maji yanukayo petroli au mafuta ya mashine yasionjwe kabisa.

Maji yasiyo na chumvi hayakupita katika mbao za chini. Huenda ni ya mvua iliyonyesha usiku, au ya barafu iliyochukuliwa kwa kuhifadhi samaki. Barafu ya kilo 50 ikiisha kuyeyuka yote huwa lita 50 za maji, kadiri ya madebe 3 kasoro kidogo, na mara nyingi maji hayo yamedhaniwa kuwa ni ya uvujaji.

Maji ya chumvi nayo si ushahidi kamili. Nyavu zilizoloa, kamba ya nanga, na mawimbi yarukayo juu ya ubavu huleta maji ya bahari ndani. Kwa hiyo siku ya uchunguzi nyavu, nanga na sanduku la barafu viteremshwe pwani, ili libaki swali moja tu, nalo ni la mbao.

Uchunguzi majini

Mashua ifungwe mahali penye utulivu, maji yote yafuliwe, na ngama ipanguswe kwa matambara mpaka ikauke. Kisha vile vitundu vya chini ya mataruma vizibwe kwa matambara, ili ngama igawanyike vyumba vyumba, na maji ya chumba kimoja yasipite katika kingine. Vumbi la chaki linyunyizwe juu ya mbao. Penye maji chaki hugeuka rangi mara moja, na mfereji mwembamba huonekana ukishuka kutoka mahali pake. Chumba kitakacholowa kwanza ndicho chenye habari. Uchunguzi ukiisha, matambara yote yaondolewe, kwani yakisahauliwa maji hayatafika mahali pa kufulia.

Mashua ikivuja ilhali imetulia, mlango wa maji uko chini ya mstari wa maji. Ikikaa kavu ikiwa tupu lakini ikavuja ikipakiwa, mlango huo uko kati ya mstari wa chombo kitupu na mstari wa chombo chenye shehena.

Ikivuja tu wakati wa kusafiri, na ijaribiwe chini ya tanga siku ya upepo wa wastani, karibu na pwani, na watu wasiopungua wawili wenye jaketi za kuokolea. Iendeshwe nusu saa upepo ukiwa wa kulia, maji yapimwe kwa kijiti na kuandikwa. Kisha igeuzwe, iendeshwe nusu saa upepo ukiwa wa kushoto. Ikiwa maji yaingia upepo ukiwa wa kulia tu, zitazamwe mbao za juu za ubavu wa kushoto, kwa kuwa huo ndio upande wa demani uliolala majini. Ikiwa yaingia pande zote mbili sawasawa, ashukiwe mkuku na mahali mlingoti ukaliapo, maana tanga likivuta, mlingoti husukuma chini na kuzitanua mbao zilizo karibu nao. Ikiwa yaingia tu chombo kinapokabili mawimbi, uchunguzi uanze omoni.

Uchunguzi mchangani

Wakati wa bamvua, maji yakipwa, mashua yaweza kuachwa juu ya mchanga ikitegemezwa kwa magogo pande mbili. Nje ifutwe ikauke. Kisha maji yenye bluu kidogo ya kufulia nguo yamiminwe ndani, yasizidi kina cha sentimeta 5 hapo kwanza. Mtu azunguke nje akitazama, na kila mahali panapotoa jasho la bluu patiwe alama ya mkaa. Baadaye maji yaweza kuongezwa kidogo kidogo, lakini chombo kisijazwe. Mashua imeundwa kustahimili bahari iisukumayo kutoka nje, wala si uzito wa maji ndani yake ikiwa nchi kavu, nao waweza kuachanisha mbao.

Mahali pa kushuku zaidi

Fundi mzoefu hutazama kwanza ubao ulio karibu na mkuku pande zote mbili. Kisha maungio ya mkuku na gogo la omo, na ya mkuku na gogo la tezi lishikalo usukani. Halafu hutazama misumari. Penye machozi ya kutu pana msumari uliolika, na maji hupita kando yake. Mwisho hutafuta vitundu vya wadudu watoboao mbao majini. Hao si mchwa bali ni jamii ya kombe wenye mwili mrefu kama nyungunyungu. Tundu lao la nje ni dogo kama la sindano, lakini ndani ya ubao hujichimbia njia pana, na ubao uonekanao mzima huwa mtupu kama mwanzi. Ubao kama huo hauna dawa ila kubadilishwa.

Kutengeneza

Mashua iliyokaa juani majuma mengi itavuja kila mahali siku ya kwanza, kwa kuwa mbao zimesinyaa. Isihukumiwe upesi. Maji na yapimwe kila saa. Yakizidi kupungua, mbao zinafura na mianya yajifunga yenyewe. Ni kosa kubwa kushindilia pamba kwa nguvu katika mbao kavu, maana zikifura hazitakuwa na nafasi, nazo zitang'oa misumari au kuvunja mataruma.

Mahali pakiisha kujulikana, pamba ya zamani itolewe yote, mwanya usafishwe, na pamba mpya iliyotiwa mafuta iingizwe kwa chembeu na nyundo ndogo. Msumari uliolika utolewe na kuwekwa mwingine uliopakwa zinki. Kisha chini ya chombo pakwe deheni. Fundi atengeneze mahali pamoja kwa wakati mmoja, na uchunguzi ule ule urudiwe. Akitengeneza mahali patano pamoja, hatajua ni lipi lililoponya, wala hatajua kama limebaki jingine.

Maji yakizidi ghafula baharini, chombo kigeuzwe ili ubavu unaovuja uwe upande wa joshi na kuinuka juu ya maji. Kitambaa kilichopakwa shahamu kikandamizwe penye tundu kutoka ndani, kikazwe kwa kipande cha ubao, na safari iwe ya kurudi pwani.

Desturi njema kwa kila nahodha ni kuwa na daftari dogo, na kuandika humo kila asubuhi idadi ya upo za maji zilizofuliwa. Zilizokuwa 10 jana zikiwa 20 leo, ngama imekwisha kutoa habari yake, na mashua isichukue abiria wala nyavu mpaka mahali maji yaingiapo pamejulikana.